Kuchagua Betri Mpya kwa Gari la Zamani: Somo la Umeme, Kemia na Usalama

UTANGULIZI

Mwenye gari la kisasa anapokwenda dukani kununua betri hupata jibu upesi. Muuzaji huuliza aina ya gari na mwaka lilipotengenezwa, hutazama orodha yake, kisha huteremsha betri ya volti 12 ambayo inafaa. Mwenye gari la zamani hana wepesi huo. Gari lake huenda linatumia volti 6. Huenda kichwa chanya cha betri, wala si kichwa hasi, ndicho kinachofungwa kwenye bodi. Huenda linachajiwa na dainamo badala ya alteneta. Tena, kisanduku cha kuwekea betri kilipimwa kwa betri ya umbo ambalo leo si rahisi kulipata katika kila duka.

Mfano mzuri ni Volkswagen Beetle, lile gari dogo lenye mgongo wa mviringo kama kobe. Gari hili linafahamika vizuri Afrika Mashariki: lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Betri yake haikai mbele wala karibu na injini. Inakaa chini ya kiti cha nyuma, na juu yake pana springi za chuma za kiti hicho. Betri ya asili ilikuwa fupi, na vichwa vyake vilikuwa na kifuniko. Ikiwekwa betri ndefu zaidi isiyo na kifuniko, abiria akiketi springi hushuka na kugusa vichwa vyote viwili kwa pamoja. Mkondo mkubwa hupita katika springi, springi huwa nyekundu kwa joto, na nyuzi zilizojazwa katika kiti hushika moto. Magari kadhaa ya aina hii yameungua kwa sababu hiyo, na kosa lenyewe lilianzia dukani, pale sentimita chache za urefu zilipodharauliwa.

Kwa hiyo kuchagua betri si kazi ya kutafuta iliyo kubwa kuliko zote au ya bei ya juu kuliko zote. Ni kazi ya kuliuliza gari maswali matano na kuyajibu kwa kipimo: volti ngapi, kichwa kipi kimefungwa kwenye bodi, ampea-saa ngapi na mkondo kiasi gani wa kuwashia, vipimo gani vya umbo, na chombo gani kinachoichaji. Kila swali lina msingi wake katika masomo ya fizikia na kemia ya shule za sekondari.

KINACHOTENDEKA NDANI YA BETRI

Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Mwaka 1881 Mfaransa mwingine, Camille Faure, aliiboresha kwa kupaka mabamba yake ujiuji wa misombo ya risasi, na hivyo ikaweza kuhifadhi umeme mwingi zaidi. Tangu wakati huo kanuni yake haijabadilika.

Kila seli ina bamba chanya la dioksidi ya risasi, bamba hasi la risasi yenye vinyweleo kama sifongo, na asidi ya sulfuriki iliyochanganywa na maji. Seli inapotoa umeme, mabamba yote mawili hugeuka polepole kuwa sulfati ya risasi, na asidi hugeuka kuwa maji:

Pb + PbO2 + 2H2SO4 → 2PbSO4 + 2H2O

Seli inapochajiwa, mmenyuko huu hurudi kinyume. Mambo mawili yanafuata. La kwanza ni kwamba asidi hupungua nguvu kadiri umeme unavyotumika. Ndiyo maana haidromita, ambayo hupima uzito wa asidi ikilinganishwa na maji, huweza kueleza hali ya betri. Betri iliyojaa huonyesha 1.26 hadi 1.28, na katika nchi za joto watengenezaji wengi hutumia asidi nyepesi kidogo, karibu 1.24. La pili ni kwamba betri ikiachwa muda mrefu bila chaji, fuwele za sulfati huwa kubwa na ngumu, na hazirudi tena kuwa risasi kwa urahisi. Gari la zamani linaloendeshwa mara moja kwa mwezi huua betri kwa njia hiyo hasa. Joto nalo huongeza kasi ya betri kujimaliza yenyewe hata kama haijaunganishwa na chochote.

SWALI LA KWANZA: VOLTI NGAPI?

Seli moja ya risasi iliyojaa ina volti 2.1 hivi, iwe kubwa au ndogo. Ukubwa wa mabamba huongeza mkondo, hauongezi volti. Seli tatu zikiunganishwa mfululizo hutoa volti 6.3, na hiyo ndiyo inayoitwa betri ya volti 6. Seli sita hutoa volti 12.6, nayo huitwa betri ya volti 12. Njia rahisi ya kutambua betri ya zamani ni kuhesabu vifuniko vya kutilia maji: vitatu ni volti 6, sita ni volti 12. Hata hivyo hesabu hiyo ni ya betri iliyomo garini sasa, na betri hiyo huenda iliwekwa na mtu aliyekosea. Ushahidi wa kuaminika zaidi ni maandishi yaliyo kwenye dainamo, kwenye stata na kwenye vitako vya balbu.

Beetle nyingi za miaka ya 1950 na ya mwanzo wa 1960 zilikuwa za volti 6. Zile zilizouzwa Marekani zilipewa volti 12 kuanzia modeli ya mwaka 1967. Sababu ya badiliko hilo inaonekana kwa hesabu fupi. Ichukuliwe kwamba stata inahitaji wati 1,200, na kwamba nyaya na viungo vyake vina ukinzani wa omu 0.005.

Kwa volti 6: mkondo ni 1,200 ÷ 6 = ampea 200. Volti zinazopotea njiani ni 200 × 0.005 = 1.0, yaani sehemu moja ya sita. Nguvu inayopotea kama joto ni 200 × 200 × 0.005 = wati 200.

Kwa volti 12: mkondo ni 1,200 ÷ 12 = ampea 100. Volti zinazopotea ni 0.5, yaani sehemu moja ya ishirini na nne. Nguvu inayopotea ni 100 × 100 × 0.005 = wati 50.

Volti zikiongezwa maradufu, hasara ya njiani hupungua hadi robo. Hata hivyo haifai kuhitimisha kwamba mwenye gari la volti 6 aliwekee tu betri ya volti 12. Taa kubwa ya wati 45 kwa volti 6 ina ukinzani wa 6 × 6 ÷ 45 = omu 0.8. Ikipewa volti 12, na kama ukinzani huo haungebadilika, ingetumia 12 × 12 ÷ 0.8 = wati 180. Kwa kweli ukinzani wa uzi wa balbu huongezeka unapopata joto, kwa hiyo wati hazifikii kiasi hicho. Lakini zinatosha kabisa kuikata balbu papo hapo. Koili ya moto, mota ya kufutia kioo, geji ya petroli na redio hupatwa na msiba huohuo. Anayetaka kuhamia volti 12 sharti abadilishe dainamo, regulata, koili, balbu zote na vyombo vingine vinavyotumia umeme. Hilo ni jambo linalowezekana, lakini ni kulijenga upya gari, si kununua betri.

Liko jambo ambalo mafundi wengi huligundua wakiwa wamechelewa. Malalamiko ya kwamba "volti 6 ni dhaifu" mara nyingi hayatokani na betri. Yanatokana na nyaya. Waya wa shaba wenye urefu wa mita 1 na unene wa milimita za mraba 50 una ukinzani wa omu 0.00034 hivi, kwa ampea 200 unapoteza volti 0.07 tu. Waya wa milimita za mraba 16, ambao ni wa kawaida katika magari madogo ya volti 12, unapoteza volti 0.22 kwa urefu huohuo. Ikiongezwa kutu kwenye vibano na rangi chini ya boliti ya bodi, stata ya volti 6 inabaki na volti 4 au chini ya hapo. Mwenye gari hununua betri mpya, gari huwaka kwa wiki mbili, kisha ugonjwa hurudi.

Kipimo chake ni rahisi. Voltimita iunganishwe kati ya kichwa cha betri kinachofungwa kwenye bodi na chuma kitupu cha injini, kisha mtu mwingine awashe stata. Katika njia iliyo safi, mshale hauvuki sana volti 0.2. Ukionyesha volti 1, betri haina hatia. Kipimo hiki kifanywe kabla ya fedha kutoka mfukoni.

SWALI LA PILI: KICHWA KIPI KIMEFUNGWA KWENYE BODI?

Katika gari, chuma cha bodi hutumika kama waya wa kurudishia umeme. Mafundi huita upande huo ethi. Magari ya leo hufunga kichwa hasi kwenye bodi. Beetle nayo ilifanya hivyo tangu zamani. Lakini magari mengi ya Kiingereza yaliyotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifunga kichwa chanya. Mfano unaojulikana ni Land Rover za Series II na zile za mwanzo za Series IIA, ambazo zilitumika sana katika mashamba, misheni na ofisi za serikali za Afrika Mashariki.

Betri yenyewe haijali upande upi unafungwa kwenye bodi. Wanaojali ni vyombo vinavyounganishwa nayo. Stata ya zamani na balbu hufanya kazi vilevile umeme ukipita upande wowote. Ampimita huonyesha kinyume. Koili hutoa cheche, lakini plagi huhitaji volti nyingi zaidi kuliko kawaida, na injini hukosa nguvu. Chombo kinachoumia kabisa ni kile chenye dayodi au transista. Alteneta ina dayodi ambazo huruhusu mkondo kupita upande mmoja tu. Betri ikifungwa kinyume, dayodi hizo huwa njia wazi, mkondo mkubwa hupita, nazo huungua katika muda mfupi mno.

Wapo wenye magari ambao huko nyuma waligeuza ethi ya gari ili waweke redio ya kisasa, bila kuandika popote. Kwa hiyo kitabu cha gari peke yake hakitoshi. Waya unaotoka kwenye bodi ufuatwe kwa macho hadi kwenye betri, na kichwa unachofungwa kitazamwe alama yake. Unene wa vichwa nao ni ushahidi: kichwa chanya cha betri ya kawaida ya gari ni kinene kidogo kuliko kichwa hasi, na kibano cha kimoja hakikai vizuri kwenye kingine. Kibano kinapolegea au kinapolazimishwa kwa nyundo, huo ni wakati wa kusimama na kuuliza kama vichwa havikubadilishana.

Pande vilipo vichwa juu ya betri hutofautiana pia. Betri mbili zenye vipimo sawa zinaweza kuwa na kichwa chanya kushoto katika moja na kulia katika nyingine. Nyaya za gari la zamani zilikatwa kwa urefu unaotosha tu. Waya unaovutwa kwa nguvu ili ufike hatimaye huchubuka na kugusa bodi.

SWALI LA TATU: AMPEA-SAA NGAPI, NA MKONDO GANI WA KUWASHIA?

Uwezo wa betri wa kuhifadhi umeme hupimwa kwa ampea-saa. Betri ya ampea-saa 60 ikitoa ampea 3 huweza kuendelea kwa saa 20 hivi. Ikitoa mkondo mkubwa, haifikishi hesabu hiyo, kwa sababu asidi haiwahi kupenya hadi ndani ya mabamba.

Wanafunzi hushangaa wanapoona kwamba Beetle ya volti 6 ilikuwa na betri ya ampea-saa 66, na ile ya volti 12 ikapewa ampea-saa 36 tu. Je, betri ilipunguzwa? Jibu linapatikana kwa kuzidisha. Volti 6 mara ampea-saa 66 ni wati-saa 396. Volti 12 mara ampea-saa 36 ni wati-saa 432. Nishati ni karibu ile ile. Ampea-saa za betri za volti tofauti hazilinganishwi mpaka zizidishwe kwa volti zake.

Kipimo cha pili ni mkondo wa kuwashia katika baridi. Hiki hueleza ampea ambazo betri iliyopoa hadi nyuzi 18 chini ya sifuri za Selsiasi inaweza kutoa kwa sekunde 30 bila volti kuanguka kupita kiwango kilichowekwa. Betri mpya hutangazwa sana kwa namba hii. Mtu wa Dodoma au Kisumu haiwashi injini katika baridi ya namna hiyo. Kwake adui ni joto, ambalo hula vyuma vya ndani ya mabamba na kukausha maji. Hana haja ya kulipia namba kubwa mno. Inatosha ilingane na ile iliyotakiwa na gari, au izidi kidogo.

Hapa pana mtego mwingine. Betri za volti 6 hupatikana pia kwa ajili ya mitambo ya umeme wa jua na vigari vya umeme. Ampea-saa zake huzidi 200, na mwenye gari la zamani huona amepata hazina. Lakini betri za namna hiyo zina mabamba machache na manene, yaliyokusudiwa kutoa mkondo wa wastani kwa saa nyingi. Betri ya kuwashia gari ina mabamba mengi na membamba, ili eneo lake liwe kubwa na mkondo utoke kwa wingi kwa sekunde chache. Tena betri za umeme wa jua ni ndefu. Katika Beetle zitafika kwenye springi za kiti, na hatari iliyoelezwa mwanzoni itarudi.

SWALI LA NNE: JE, ITAKAA?

Vipimo vitatu vichukuliwe kwa rula: urefu, upana na kimo pamoja na vichwa vyake. Vichukuliwe kwenye kisanduku, si kwenye betri iliyotolewa tu, kwa maana betri hiyo huenda haikuwa sahihi. Vibanio vya kuishikilia betri vifungwe barabara. Betri inayocheza kwenye barabara ya makorongo humwaga asidi, na mabamba yake huvunjika.

Katika gari ambalo betri imo ndani pamoja na abiria, yafaa mambo mawili yaongezwe: kifuniko kisichopitisha umeme juu ya vichwa, na njia ya kutoa gesi. Betri inapochajiwa hadi kujaa, maji huanza kugawanyika kuwa haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche moja hutosha kuilipua. Kwa sababu hiyo waya wa ethi hufunguliwa wa kwanza na kurudishwa wa mwisho, ili spana ikigusa bodi isilete shoti. Miwani ya kulinda macho ivaliwe, na pete na saa za chuma zivuliwe.

Yapo magari yaliyotumia betri mbili. MGB ya Kiingereza, kuanzia mwaka 1962 hadi 1974, ilibeba betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, zilizounganishwa mfululizo kupata volti 12. Katika mfululizo, volti hujumlishwa lakini ampea-saa hubaki zile za betri moja. Betri hizo hubadilishwa zote mbili kwa pamoja. Moja ikiwa mpya na nyingine ikiwa imechoka, mkondo uleule hupita katika zote mbili. Iliyochoka huisha kwanza, kisha husukumwa kinyume na mwenzake na kuharibika kabisa.

SWALI LA TANO: NANI ATAICHAJI?

Swali hili ndilo linalosahauliwa zaidi. Betri na chombo cha kuichaji ni kama mtungi na bomba: mtungi mzuri haufai kama bomba halikuundwa kwa ajili yake. Dainamo ya zamani hutoa mkondo mdogo, na injini inapozunguka polepole haitoi karibu chochote. Dainamo ya Lucas C40, iliyotumika katika magari mengi ya Kiingereza, ilikuwa na kikomo cha ampea 22. Regulata yake ni ya sumaku na viguso vinavyofunguka na kufungika; haina usahihi wa regulata ya transista.

Betri ya zamani yenye vifuniko vya kutilia maji huvumilia kasoro hizo. Ikichajiwa kupita kiasi, hupoteza maji, na mwenye gari huongeza maji yaliyokenekwa. Betri zilizofungwa kabisa, ambazo asidi yake imenyonywa katika pamba ya nyuzi za kioo au imegandishwa kama jeli, hazimwagiki na hazitoi gesi nyingi. Hizo ni sifa njema kwa gari lenye betri ndani. Lakini maji yakitoka hayawezi kurudishwa. Kwa betri hizo regulata sharti ipimwe kwanza, na volti zake zilinganishwe na zile zilizoandikwa na mtengenezaji.

Betri za lithi huleta swali jingine. Ukinzani wake wa ndani ni mdogo sana, kwa hiyo zikiwa zimepungua hupokea mkondo wote unaopatikana. Dainamo yenye kikomo cha ampea 22 huweza kupata joto hadi vihami vya nyaya zake vikaungua, kama regulata haikudhibiti mkondo huo. Ni nyepesi na ni za gharama kubwa, lakini hazikubuniwa pamoja na dainamo.

Kwa gari la dainamo lililobaki katika hali yake ya asili, chaguo la busara kwa kawaida ni betri ya kawaida ya risasi na asidi, yenye vifuniko vinavyofunguka. Baada ya kufungwa, injini iendeshwe kwa kasi ya wastani na voltimita isomwe kwenye vichwa. Betri ya volti 6 iliyokaribia kujaa ionyeshe volti 7.0 hadi 7.4; ya volti 12 ionyeshe 13.8 hadi 14.5 hivi. Chini ya hapo betri haitajaa. Juu ya hapo itachemka.

KUIPIMA DUKANI

Betri za volti 6 hazinunuliwi kila siku, na baadhi hukaa rafuni muda mrefu. Tarehe ya kutengenezwa itafutwe. Volti zisomwe: chini ya 6.2 kwa betri ya volti 6, au chini ya 12.4 kwa ya volti 12, ni dalili kwamba imekaa bila chaji. Zipo pia betri zilizochajiwa kiwandani zikauzwa kavu, zikatiwa asidi siku ya kununuliwa. Hizo hustahimili kukaa zaidi. Anayechanganya asidi hutia asidi katika maji polepole, wala hatii maji katika asidi, kwa sababu joto linalotokea huweza kurusha asidi usoni.

Baada ya betri kufungwa, voltimita ishikwe kwenye vichwa vyake wakati stata inazunguka. Betri nzima ya volti 12 haitashuka chini ya volti 9.6 hivi, na ya volti 6 haitashuka chini ya 4.8.

BETRI YA ZAMANI IENDE WAPI?

Kazi haijaisha mpaka betri iliyotolewa imepata mahali pake. Sehemu kubwa ya uzito wake ni risasi, na risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Afrika Mashariki imekwisha kujifunza hilo kwa uchungu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi kuanzia mwaka 2007 hadi 2014. Moshi na maji machafu yake viliwafikia wakazi, na watoto wakapatikana na risasi katika damu. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi hiyo iliendelea hadi Mahakama ya Juu.

Betri hizo zilikuwa zimetoka katika magari ya watu wa kawaida. Kwa hiyo betri ya zamani isivunjwe nyumbani, asidi yake isimwagwe mtaroni, na mabamba yake yasiyeyushwe jikoni kutengeneza uzito wa nyavu. Irudishwe kwa muuzaji, au ipelekwe kwa mkusanyaji mwenye kibali. Risasi iliyokusanywa vizuri huyeyushwa na kuwa betri mpya tena na tena.

HITIMISHO

Gari la zamani lilibuniwa likiwa kitu kimoja: volti zake, nyaya zake, dainamo yake na hata kiti chake vilipimwa pamoja. Betri ndiyo sehemu ambayo haiwezi kudumu, na ndiyo ambayo kila mwenye gari atalazimika kuibadilisha. Mwenye kuleta betri mpya bila kuuliza huwa amebadilisha kipimo kimoja na kuviacha vingine vikidai. Mwenye kupima kwanza huweza kugundua kwamba alichohitaji ni brashi ya waya, kibano kipya na nusu saa ya kazi.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Betri ya volti 6 ina ampea-saa 77. Ni betri ya volti 12 ya ampea-saa ngapi iliyo na nishati sawa nayo?

2. Stata huchukua ampea 180 kutoka betri ya volti 6. Voltimita huonyesha volti 0.9 kati ya kichwa hasi cha betri na chuma cha injini. Tafuta ukinzani wa njia hiyo, na wati zinazopotea. Je, betri mpya itaponya kasoro hiyo?

3. Eleza kwa nini balbu haiumii betri inapofungwa kinyume, lakini alteneta huumia.

4. Mwalimu aongoze darasa kupima kwa voltimita betri ya gari la shule kabla ya kuwashwa, wakati stata inazunguka, na injini ikiwa inanguruma. Wanafunzi waandike vipimo vitatu na kueleza kila kimoja kinasema nini juu ya betri, nyaya na chombo cha kuchajia.